Nyota za Mswaki

Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine zote za muhula ule, Chiriku aliingia bafuni, akafunga mlango kwa komeo, akaiegemeza simu ya mama yake kwenye chupa ya sabuni. Kisha akachukua mswaki wake wa umeme na kuubonyeza. Mswaki ukaanza kunguruma kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Kwenye simu likatokea jino la kuchorwa, lenye macho na miguu, likaanza kucheza huku sekunde zikihesabiwa.

Mtu aliyekuwa nje, akisikia mngurumo ule, angesema mtoto huyu ana bidii. Lakini Chiriku alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, taulo lililolowa limekunjwa magotini, na mswaki ulikuwa ukisugua taulo. Dakika mbili zilipotimia, lile jino la kuchorwa liliruka juu na kupiga makofi. Nyota moja ikaongezeka. Chiriku akasukutua kwa maji ya vuguvugu, upande wa kushoto tu, akatoka.

"Umemaliza?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Nimemaliza, mama. Nyota mia moja thelathini na nane."

Aliitwa Chiriku tangu alipokuwa mdogo kwa sababu ya maneno yake mengi. Alikuwa na miaka kumi na miwili sasa, na maneno hayakuwa yamepungua. Aliishi na mama yake pamoja na shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Baba alikuwa fundi wa mitambo aliyefanya kazi mbali, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Shangazi alikuwa muuguzi katika kliniki ya meno iliyokuwa mtaa wa pili, nyumba ya ghorofa moja yenye madirisha ya kijani.

Ni kliniki hiyo iliyoleta ile miswaki. Wiki kumi zilizopita, daktari wa meno alifika shuleni na maboksi mawili, akawagawia wanafunzi thelathini wa darasa la Chiriku. Aliwaeleza kwamba ndani ya kila mswaki mna kifaa kidogo kinachohisi kutikisika na kuhesabu muda. Mswaki ungezungumza na simu ya mzazi, na simu ingepeleka taarifa kwenye kompyuta ya kliniki. Mwisho wa kila wiki mwalimu wa sayansi angeandika nyota za kila mmoja kwenye ubao ulio karibu na mlango.

Wiki ya kwanza Chiriku alipiga mswaki kwelikweli. Wiki ya pili, siku ya Jumanne, mswaki ulipogusa gego la chini upande wa kulia, aliruka kama aliyechomwa sindano. Alijaribu tena jioni, ikawa vilevile. Alijua la kufanya: kumwambia shangazi. Lakini alijua pia kitakachofuata, yaani kiti kile kirefu, taa usoni na sindano ya ganzi. Siku hiyo alizima mswaki kabla ya muda, akakosa nyota. Kesho yake, alipokuwa akiukausha mswaki kwa taulo huku bado unanguruma, aliona sekunde kwenye simu zinaendelea kuhesabiwa. Tangu hapo taulo likawa ndilo linalopigwa mswaki.

Jina lake likapanda ubaoni wiki hadi wiki, mpaka likakaa juu kabisa. Chini, karibu na mwisho, lilikuwa jina la rafiki yake waliyekaa dawati moja, msichana mrefu mwenye shingo ndefu ambaye darasa zima lilimwita Twiga. Twiga alipiga mswaki vizuri, ila alikuwa msahaulifu. Jioni nyingine alilala na vitabu kifuani, mswaki akaukumbuka asubuhi. Alikuwa na nyota tisini na moja.

"Usijali," Chiriku alizoea kumwambia. "Bado una muda wa kunifikia."

Kila alipoyasema hayo, aliepuka kuutazama ubao.

*

Wiki ya kumi ilipokwisha, wanafunzi walipelekwa kliniki kwa makundi ili wapigwe picha za meno. Chiriku na Twiga walikuwa katika kundi la Jumatatu.

Chumba cha picha kilikuwa kidogo na safi, kikinuka dawa. Ukutani kulikuwa na kioo kipana cha kompyuta. Siku hiyo daktari alikuwa chumba cha pili akimshughulikia mtu aliyeanguka na kuumia taya, kwa hiyo picha zote zilipigwa na shangazi. Chiriku alimtazama akifanya kazi, akaona mtu tofauti kidogo na yule wa nyumbani. Alikuwa amevaa glovu na barakoa, miwani imeshuka puani. Kabla ya kila picha alisoma jina kwenye karatasi kwa sauti, akalitafuta kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, akalisoma tena, ndipo akamwita mtoto.

"Fungua mdomo. Uma hapa, taratibu. Usicheke, Twiga, nikipiga picha ya kicheko daktari ataniuliza hili jino gani."

Alikuwa akiweka mdomoni kibao chembamba kilichounganishwa na waya. Sekunde chache baadaye meno yalionekana kwenye kioo, meupe kwenye giza, na mizizi yake imesimama kama vidole. Kompyuta za kliniki zilikuwa na programu ya akili mnemba. Daktari aliwahi kuwaeleza shuleni kwamba programu hiyo ilifundishwa kwa kuonyeshwa picha za meno mengi mno, mazima na mabovu, mpaka ikajua kutofautisha. Ikiona dalili ya jino kuoza huizungushia duara jekundu. Lakini maduara hayo yalitokea kwenye kompyuta ya daktari tu.

Zamu ya Chiriku ilipofika, shangazi alimsogezea taa, akainama.

"Kuna linalokuuma?"

Chiriku alitazama dari. Palikuwa na doa la maji lenye umbo la kiatu.

"Hapana, shangazi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Shangazi alimwekea kibao mdomoni. "Haya, mwanangu. Uma."

*

Jumanne jioni shangazi alirudi nyumbani kimya. Hakuuliza habari za shule, wala hakumtania Chiriku kwa kuacha viatu mlangoni. Alikwenda moja kwa moja jikoni, ambako mama Chiriku alikuwa akimenya viazi. Chiriku alikuwa sebuleni na daftari la hesabu. Ukuta baina ya sebule na jikoni ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hata kijiko kikianguka ungejua kimeanguka upande gani.

"Wifi, nimeharibu kazi," shangazi alisema.

"Umeharibu nini?"

"Picha mbili. Ya Chiriku na ya yule rafiki yake mrefu. Daktari ameniita leo, ananionyesha kompyuta. Picha yenye jina la Chiriku ina meno matatu yameoza, moja limechimbika hasa. Picha ya Twiga ni safi kama karatasi. Na kompyuta imeandika pale chini kwamba picha na kumbukumbu za mgonjwa hazilingani, uhakikiwe utambulisho wa mgonjwa. Kwa sababu Chiriku ndiye mwenye nyota nyingi darasa zima, na Twiga yumo miongoni mwa wenye chache."

"Kwa hiyo wanasema umezibadilisha?"

"Watoto hao walikuja wamefuatana. Daktari anasema ni rahisi kuchanganya."

"Na wewe unasemaje?"

Kisu cha mama kilisimama. Shangazi akavuta kiti.

"Nilisoma jina mara mbili. Naapa nilisoma. Lakini hata mimi mwenyewe nilimwuliza Chiriku kama anaumwa, akaniambia haumwi hata kidogo. Mtoto mwenye jino lile asingepata usingizi. Sasa kama meno yake ni mazima, basi kosa ni la nani kama si langu?"

Chiriku aliona namba kwenye daftari zikichezacheza. Ulimi wake ulikwenda wenyewe kwenye gego la kulia, ukagusa tundu, ukarudi.

"Kwa sasa amenitoa kwenye mashine ya picha," shangazi aliendelea. "Atashika yule muuguzi aliyeajiriwa mwaka jana. Daktari hakusema kwa ubaya. Ila unajua, wifi, nilipoanza kujifunza hiyo kompyuta nikiwa na miaka hamsini, kuna walionicheka. Labda walikuwa na haki. Labda macho yamechoka."

"Usiseme hivyo."

"Alhamisi watoto wote wawili warudi. Daktari ataangalia mwenyewe."

Baadaye, baada ya chakula, Chiriku alimkuta shangazi mezani na daftari la zamani lenye jalada la bluu. Alilijua daftari lile. Ndani yake shangazi aliandika kila hatua ya kompyuta alipokuwa akijifunza, kwa mwandiko wa kalamu nyekundu na bluu: bonyeza hapa, subiri, soma jina, usibonyeze mara mbili. Sasa alikuwa akipitisha kidole mstari kwa mstari, akitafuta mahali alipokosea.

Chiriku alisimama karibu naye. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Alivuta pumzi.

"Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Chai yako imepoa."

"Ahsante," shangazi alisema, akaendelea kusoma.

*

Jumatano asubuhi Twiga alifika shuleni macho yamevimba. Alipofungua mdomo kumsalimu, Chiriku aliona fizi zake zimechubuka na damu imeganda pembeni mwa midomo.

"Umefanya nini?"

"Nimepiga mswaki," Twiga alisema. "Mara tano. Kliniki walimpigia baba simu jana. Wanasema huenda nina meno matatu mabovu, moja huenda likang'olewa. Lakini mimi siumwi, Chiriku. Nimeuma hadi mfupa wa nyama nijaribu, siumwi. Inawezekana jino likaoza bila mtu kujua?"

Chiriku aliinama kufunga kamba za kiatu. Nyuma yao mvulana mmoja aliyesikia alicheka. "Ndiyo faida ya nyota tisini na moja," alisema, na wengine wakacheka pia. Twiga aliinamisha shingo yake ndefu, akajifanya anatafuta kitu begini.

"Nitakuwa napiga mswaki kama wewe," alinong'ona. "Nifundishe unavyofanya."

Siku hiyo Chiriku hakuzungumza. Mwalimu wa sayansi alimwuliza kama ni mgonjwa. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake karibu na bomba la maji, akiwatazama wenzake wakicheza. Jino lilikuwa limeanza kumpiga hata bila kuguswa, dum, dum, kama mtu anayegonga mlango bila kuchoka. Alifikiri: Alhamisi daktari atamwangalia Twiga, ataona meno yake ni mazima, mambo yatajulikana yenyewe, sina haja ya kusema. Wazo hilo lilimpa nafuu kwa dakika chache. Halafu akaona sura ya shangazi mezani na lile daftari la bluu. Shangazi hakuwa anasubiri Alhamisi. Alikuwa ameshajihukumu tangu Jumanne.

*

Alhamisi saa tisa mchana walikuwa wote kliniki: Chiriku na shangazi yake, Twiga na baba yake. Baba Twiga alikuwa seremala, mikono yake mipana ikiwa bado na vumbi la mbao. Alisimama mlangoni mwa chumba cha matibabu kama mtu anayeogopa kuchafua sakafu.

"Tuanze na huyu mwenye meno matatu mabovu," daktari alisema kwa upole. Alikuwa mtu mwembamba, mdogo kwa shangazi kwa miaka kama kumi hivi, na alimwita shangazi "Sista" kama kliniki nzima ilivyomwita.

Twiga alipanda kwenye kiti. Miguu yake ilizidi mwisho wa kiti, viatu vikaning'inia hewani. Muuguzi kijana alimfunga kitambaa kifuani. Twiga alifumba macho, akashika pande mbili za kiti kwa nguvu mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Chozi moja lilimtoka, likateremka mpaka sikioni. Daktari alichukua kioo kidogo chenye mpini.

Shangazi alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mgeni mahali alipofanya kazi miaka kumi na minne.

"Daktari," Chiriku alisema.

Sauti yake ilitoka ndogo. Hakuna aliyegeuka. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, "Daktari, tafadhali. Meno mabovu ni yangu."

Daktari alishusha kioo. "Unasemaje?"

"Picha hazikubadilishwa. Shangazi aliandika sawasawa. Meno matatu ni yangu mimi. Hili la hapa linaniuma tangu wiki ya pili."

"Na nyota?" daktari aliuliza.

Chiriku alitazama sakafu. Vigae vilikuwa vyeupe, kimoja kimepasuka. "Nilikuwa nasugua taulo."

"Taulo?"

"Taulo lililolowa. Mswaki unahesabu vilevile."

Maji yalikuwa yakizunguka kwenye bakuli dogo la kutemea. Twiga alikuwa amefumbua macho. Alimtazama Chiriku kwa muda mrefu, na Chiriku alitamani angemtukana.

"Niliposema nifundishe," Twiga alisema taratibu, "ungenifundisha taulo?"

Chiriku akalia kweli, kilio cha mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito tangu mbali. Aligeuka kwa shangazi yake. "Uliniuliza, nikakwambia hapana. Nilikusikia jikoni. Nilijua, na sikusema. Nisamehe, shangazi."

Shangazi hakumkumbatia mara moja. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake, akaivaa tena. Alikuwa kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo siku tatu, kumbe umo mfukoni mwa mwenzake.

"Kwa hiyo sikukosea," alisema, zaidi kwa nafsi yake.

"Hukukosea, Sista," daktari alisema. Aliweka kioo kwenye sinia, akageuka kumkabili. "Niliyekosea ni mimi. Umefanya kazi hapa miaka kumi na minne na hujawahi kuchanganya hata faili moja. Ukaniambia umesoma jina mara mbili. Kompyuta ikaniambia vingine, nikaiamini kompyuta. Sikukuuliza hata unaonaje. Naomba unisamehe. Mashine ya picha ni yako kuanzia leo."

Kisha akachukua tena kile kioo, akakagua mdomo wa Twiga jino kwa jino, akamwendea baba Twiga. "Na wewe mzazi, tumekutia hofu bure. Simu ile haikupaswa kupigwa kabla sijamwona mtoto kwa macho yangu. Mwanao hana jino bovu hata moja. Aache tu kupiga mswaki mara tano kwa siku, fizi zipone."

Baba Twiga alishusha pumzi. "Mimi nilijua," alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mtoto aliyemaliza mfupa ule hawezi kuwa na jino bovu."

Twiga alishuka kwenye kiti. Alipopita karibu na Chiriku alisimama. Hakusema amemsamehe. Alivua kile kitambaa cha kifuani, akamkabidhi. "Kaa wewe sasa," alisema. "Kiti hakiumi. Taa tu ndiyo kali."

*

Chiriku alikaa. Daktari alimwonyesha picha yake kwenye kompyuta, na maduara matatu mekundu. Mawili yalikuwa madogo. La tatu lilikuwa kwenye gego, na kivuli cheusi kilikuwa kimeshuka chini karibu kufika kwenye kiini cha jino.

"Unaona hapa?" daktari alisema. "Hili tundu lilianza kabla hatujawaletea miswaki. Programu imeliona vizuri, haikudanganyika. Ungeniambia ile wiki ya pili, ningeliziba kwa dakika kumi. Sasa ni kazi kubwa. Na kama ungengoja mwezi mmoja zaidi, ningeling'oa. Hili si jino la utoto. Hili ndilo lako la maisha. Likitoka, hakuna lingine linalokuja."

"Litapona?"

"Tutajaribu sana."

Alichagua sindano, kisha akaongeza, "Kuna jambo jingine lazima nikwambie, kwa sababu wewe ni mkubwa wa kutosha kulielewa. Nilikuwa nataka kutumia zile nyota katika shule nyingine. Kompyuta ingezisoma na kutupangia nani aonwe kwanza. Mwenye nyota chache mbele, mwenye nyota nyingi nyuma. Unajua wewe ungekuwa wapi kwenye foleni hiyo?"

"Mwisho," Chiriku alisema.

"Mwisho kabisa, na jino hilo mdomoni. Na mtoto mwingine kama wewe, shule nyingine, ambaye simjui, angekuwa mwisho pia."

Sindano iliingia. Ilichoma, kama alivyoogopa, lakini ikaisha kabla hajamaliza kuhesabu mpaka sita. Shangazi alikuwa ameshika mkono wake. Nusu ya mdomo ikawa nzito kama si yake. Mashine ilizunguka na kulia kwa sauti nyembamba, maji yakamwagika, harufu kama ya pembe iliyoungua ikajaa puani. Ilichukua karibu saa nzima. Alipoinuka, gego lilikuwa limezibwa kwa dawa, na aliambiwa arudi baada ya wiki mbili kwa yale mengine mawili.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Chiriku alijaribu kuzungumza, maneno yakatoka yamepinda, mate yakamponyoka kidevuni. Shangazi alimpa kitambaa.

"Leo utanisikiliza mimi," alisema. "Nilikasirika. Bado nimekasirika kidogo, nisikufiche. Sikukasirika kwa sababu ya taulo. Watoto wana mambo yao. Kilichoniuma ni kwamba nilikuuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu, na niliamini jibu lako kuliko nilivyoamini macho yangu. Maana niliiona ile picha ilipotokea. Niliona weusi. Nikajiambia, Chiriku amesema haumwi."

Walivuka barabara. Shangazi alimshika bega mpaka upande wa pili.

"Ile kompyuta ina uwezo mkubwa. Inaona vitu ambavyo mimi na miwani yangu hatuvioni. Lakini haikuwamo bafuni mwako. Ilichojua kuhusu wewe ni kile ulichoiambia, na uliiambia uongo mara mia moja na ushee. Haikuweza kukuonea huruma, wala haikuweza kukushuku. Mimi ningeweza, kama ungenipa nafasi. Ukiumwa, sema. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijakaa kwenye jina la mtu mwingine. Umenielewa?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali.

*

Ijumaa, darasani, Chiriku aliomba ruhusa kwa mwalimu wa sayansi, akasimama mbele na kusema yote, la taulo na la Twiga. Haikuwa rahisi. Wengine walimcheka, na kwa wiki nzima kuna waliomwita Taulo. Mwalimu alifuta nyota zake zote na kuandika sifuri. Twiga alihamia dawati la mbele kwa siku nne. Siku ya tano alirudi, akaweka begi lake mahali pake pa zamani, akaazima rula.

Kliniki nako kulibadilika jambo. Shangazi ndiye aliyelipendekeza, na daktari akalikubali siku hiyohiyo. Kabla ya picha yoyote kufunguliwa kwenye kompyuta, muuguzi alipaswa kukaa na mtoto, bila haraka, amwulize maswali machache na kuandika majibu kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Daktari angeyasoma hayo kwanza, kisha angetazama mdomo, ndipo aangalie maduara ya kompyuta. Na iwapo vitu hivyo vitatu havikulingana, hakuna ambaye angelaumiwa mpaka wote wakae pamoja.

Miezi miwili baadaye Chiriku alirudi kukaguliwa. Gego lilikuwa limepona. Shangazi alimkalisha, akavuta kibodi karibu, akashusha miwani.

"Kuna linalokuuma?"

"La juu kushoto linashtuka nikinywa maji baridi. Kidogo tu. Lilianza juzi."

Shangazi aliandika, kidole kimoja kimoja.

"Wiki hii umepiga mswaki mara ngapi?"

Zilipaswa kuwa mara kumi na nne. Chiriku alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.

"Kumi na mbili," alisema. "Jumamosi jioni nilipitiwa na usingizi. Na Jumatano nilichelewa kuamka, nikakimbilia shule."

Shangazi alimtazama juu ya miwani. "Kumi na mbili," alirudia. "Hiyo ndiyo namba ninayoweza kuifanyia kazi, mwanangu. Tutajua pa kuanzia."

Akaandika kumi na mbili, akalisoma jina mara mbili, kisha akamwita daktari.